Jadotville, Likasi na Kumbukumbu ya Mzee

Mwaka 1906 daktari Mjerumani Alois Alzheimer alieleza maradhi ambayo baadaye yalipewa jina lake, baada ya kuuchunguza ubongo wa mgonjwa aliyekwisha kufariki. Paul Lauterbur alipochapisha picha ya kwanza ya sumaku mwaka 1973, ilifunguka njia ya kuutazama ubongo wa mtu aliye hai. Kwa MRI huonekana hipokampasi, sehemu inayosaidia kuweka kumbukumbu mpya, jinsi inavyosinyaa.

Lakini hipokampasi husinyaa pia kwa uzee mtupu. Kwa hiyo picha haina budi kulinganishwa na za wazee wenye afya, na kuambatana na maswali. Kwa muda mrefu vigezo hivyo vilitoka hasa Ulaya na Marekani. Huko Kinshasa, Jean Ikanga wa Chuo Kikuu cha Emory na wenzake wamewachunguza wazee wa Kikongomani wenyewe, wazima na wanaoshukiwa kuugua.

Sasa tumfikirie mzee wa kando ya Tshangalele, ziwa lililotokana na bwawa la Mwadingusha katika mto Lufira. Akiulizwa jina la mji akajibu "Jadotville", je, ni ugonjwa? Likasi iliitwa hivyo hadi mwaka 1966. Jimbo nalo limeitwa Katanga, Shaba, Katanga tena, na tangu 2015 Haut-Katanga. Asiyeijua historia hii aweza kumhesabia mzee kosa asilolifanya.

Kutunga maswali ya haki, kwa Kiswahili cha Katanga, ni kazi ya idara zetu pia, wala si ya hospitali pekee.