Mazoezi ya moyo na mapafu

Mazoezi ya moyo na mapafu ni mazoezi yanayotumia misuli mikubwa ya mwili mfululizo, kwa kutegemea oksijeni, kama vile kutembea haraka, kukimbia, kuendesha baiskeli, kuogelea na kuruka kamba. Misuli huchoma sukari na mafuta yaliyohifadhiwa mwilini. Mafuta hupungua tu pale nishati inayotumika inapozidi inayoliwa, hivyo mlo una uzito mkubwa kuliko wengi wanavyodhani. Moyo uliozoea mazoezi husukuma damu nyingi zaidi kwa kila pigo, na mapigo ya mtu aliyepumzika hupungua.

Shirika la Afya Duniani (2020) linapendekeza kwa watu wazima dakika 150 hadi 300 za mazoezi ya wastani kwa wiki, au dakika 75 hadi 150 za mazoezi makali. Katika kiwango cha wastani mtu huweza kuzungumza lakini hawezi kuimba.

Katika wilaya za Karagwe na Kyerwa, mkoani Kagera, vilima vyenyewe ni uwanja: kupanda mlima kwa miguu, au kusukuma baiskeli yenye mikungu ya ndizi, huongeza mapigo ya moyo upesi. Anayeendesha bodaboda kutwa hukosa faida hiyo. Mwenye shinikizo la juu la damu au maumivu ya kifua apimwe kabla ya kuanza mazoezi.