Maji yaliyotuama katika maandishi ya safari: Bagamoyo hadi Tabora

Maji yaliyotuama, ya bwawa, dimbwi au ziwa dogo, ni ishara kongwe katika maandishi kuhusu maumbile. Wengi huyafanya kioo: mwandishi huinama, akajiona. Mfano unaotajwa mno ni Henry David Thoreau wa Marekani, aliyeishi kando ya bwawa la Walden na kuchapisha kitabu chake mwaka 1854. Hata yeye kioo hakikumtosha. Mapema mwaka 1846 aliteremsha kamba kupitia barafu akapata kina cha futi 102, awajibu waliodai kwamba bwawa halina mwisho.

Kwenye njia ya misafara iliyoingia Unyamwezi, pande za Goweko, swali la kina halikumshughulisha mtu. Mvua huko ni ya msimu mmoja, Novemba hadi Aprili. Baada ya hapo udongo mweusi wa mbuga hupasuka. Msafiri alitaka kujua kama maji bado yapo.

Ushahidi mzuri umo katika kitabu cha msafiri Richard Burton cha mwaka 1860. Septemba 1857, akiwa na John Speke, alifika kwenye bwawa lililoitwa Ziwa tu, mwisho wa nyika ya Marenga Mkali, kabla ya kuingia Ugogo. Lilikuwa na upana wa yadi 300 hivi, na ni katikati tu ambapo mtu asingevuka kwa miguu. Aliporudi Desemba 1858 alikuta tope kavu lenye nyufa. Burton ni mwepisi wa kubeza watu na nchi zao, lakini hapa anaeleza bila mbwembwe, na ukame unaeleweka kwa bwawa lile lile kuonwa mara mbili.

Maji hayo yalikuwa siasa pia. Watemi wa Ugogo walitoza misafara hongo, yaani ushuru wa kupita, na mwenye visima ndiye aliyekuwa na kauli. Wahenga walisema maji ya kifuu ni bahari ya chungu. Mpagazi aliyetoka kuvuka nyika ya Mgunda Mkali na mzigo begani asingebisha.

Reli ya Kati ilipofika Tabora mwaka 1912, abiria walianza kupita Goweko wakiwa wameketi, na haja ya kuhesabu mabwawa ikapungua. Siku hizi maji ya magharibi mwa nchi huandikwa zaidi na wataalamu wa ardhioevu, hasa tangu Malagarasi-Muyovozi iingizwe mwaka 2000 katika orodha ya Ramsar ya ardhioevu muhimu duniani, ikiwa ya kwanza nchini Tanzania. Kwao, habari kubwa ya maji yaliyotulia ni korongo-nyangumi anayevua humo.