Kutoka Herufi za Risasi hadi Faili
Gazeti la Kiongozi lilianza Tanga mwaka 1904, enzi za herufi za risasi. Nakala zilizohifadhiwa zinasomeka mpaka leo. Ndiyo maana nikichagua programu ya kupangia kurasa kwenye kompyuta yangu, nauliza kwanza: je, faili litafunguka miaka 50 ijayo? PageMaker ilitamba kuanzia 1985; toleo la mwisho likatoka 2001, na kufungua kazi zake sasa ni kasheshe. TeX ya Donald Knuth, ya 1978, inataka uvumilivu kujifunza, lakini ni ya bure, na faili lake ni maandishi matupu. Kwa anayeandika historia ya Wazigua wa Handeni au Wasambaa wa Korogwe, hilo linatosha: wazee wanaondoka, maneno yao yabaki.