Mama Asiyefunguliwa

Sanamu ya Uhuru iliyosimamishwa mjini Kampala mwaka 1962 ni ya mama aliyezongwa kwa vitambaa, ishara ya vifungo vya ukoloni. Amemwinua mwanawe juu, naye mtoto amenyoosha mikono mbinguni. Aliyeiunda, Gregory Maloba, alikuwa Mkenya, mzaliwa wa mwaka 1922. Alifundishwa sanaa na Bibi Margaret Trowell huko Makerere, kisha naye akafundisha hapo hapo, na baadaye Nairobi.

Mimi niliyeshika chaki miaka mingi naona alichonga anachokijua. Mama bado amefungwa, lakini mtoto yu huru. Mwalimu naye humwinua mwanafunzi afike asikofika yeye. Wengi huipiga picha sanamu hiyo; wachache humtaja Maloba.