Nani Aliyeviandika? Asili ya Kiyahudi ya Vitabu vya Kwanza vya Wakristo

Ndugu Waislamu mliohudhuria msikitini, nanyi mnaotusikiliza majumbani na katika mabweni ya shule, leo tunazungumza juu ya jambo la historia, nalo tunalianzia Suji, katika milima ya Upare ya Kusini, wilayani Same.

Mtu atakayekaa Suji juma zima ataona jambo ambalo si rahisi kuliona mahali pengine. Siku ya Ijumaa Waislamu huweka majembe chini na kwenda kusali. Jua likichwa siku hiyo hiyo, jirani zao Wasabato huanza kuitunza Sabato yao, wala hawashiki kazi mpaka jua la Jumamosi lizame. Jumapili kengele hulia kwa Walutheri wa upande wa Mbaga. Twajua kwamba katika koo za Kipare mjomba aweza kuwa mzee wa kanisa na mpwa wake akawa mwadhini, na wote wawili wakakutana msibani au kwenye ndiva, zamu ya maji inapogawanywa. Basi maswali ya dini huko hayaulizwi vitabuni tu. Huulizwa jikoni na shambani.

Wasabato waliingia Upare mwaka 1903, walipofika wamisionari wawili kutoka Ujerumani, Ehlers na Enns, wakajenga kituo chao cha kwanza Giti, katika nchi ya Mamba. Baadaye Suji nayo ikawa kituo chao mashuhuri. Kanisa lao lilikuwa limeundwa Marekani mwaka 1863. Hata hivyo tukiwatazama vizuri, twaona kwao mambo ambayo hayakuzaliwa Marekani wala Ujerumani. Siku yao huanza magharibi, usiku ukitangulia mchana, kama sisi tunavyosema usiku wa Ijumaa tukikusudia usiku wa kuamkia Ijumaa. Nguruwe hawamli. Pumziko lao ni siku ya saba. Haya yote yamo katika Sheria ya Nabii Musa (a.s.), nayo yanatuonyesha, pengine kuliko vitabu vingi, mahali zilipotoka habari za kwanza za Ukristo: kwa Mayahudi, katika nchi ya Mayahudi.

Nabii Isa (a.s.) alitumwa kwa Wana wa Israili, na wanafunzi wake walikuwa Wana wa Israili. Alisema Kiaramu, lugha iliyo ndugu wa Kiebrania na Kiarabu. Baada yake wafuasi wake wa Yerusalemu waliendelea kuhudhuria Hekaluni, wakiongozwa na Yakobo, aitwaye katika vitabu vyao ndugu yake Isa. Yakobo huyo si mtu wa hadithi za kanisa peke yake. Yosefo, mwanahistoria wa Kiyahudi wa karne hiyo ya kwanza, ameandika kwamba aliuawa kwa kupigwa mawe, na wanavyuoni wanaupanga mwaka huo kuwa 62. Paulo naye, ambaye barua zake ndizo maandishi ya zamani kuliko yote katika Agano Jipya, ajieleza mwenyewe kuwa Myahudi wa kabila la Benyamini na Farisayo katika elimu ya sheria.

Mnamo mwaka 49 hivi ukazuka ugomvi mkubwa baina yao: je, mtu asiye Myahudi akimwamini Isa, imlazimu kutahiriwa na kuishika Sheria ya Musa? Kitabu cha Matendo kimesimulia shauri hilo katika mlango wa 15, na Paulo amelisimulia kwa namna yake katika barua kwa Wagalatia. Na masimulizi hayo mawili hayalingani katika kila jambo. Ugomvi huo haukuisha. Walikuwako baadaye Mayahudi waliomfuata Isa na kuishika Sheria, wakaitwa Waebioni, nao walimkataa Paulo kabisa. Habari zao twazipata kwa wapinzani wao tu, kwa kuwa vitabu vyao vimepotea. Mwaka 70 Warumi waliliteketeza Hekalu, na tangu hapo kundi la Yerusalemu lilidhoofika, ilhali makundi ya waliosema Kiyunani yakastawi. Ndiyo maana vitabu 27 vya Agano Jipya vimetufikia kwa Kiyunani, na Kiaramu kimebaki humo kama mbegu chache katika unga: neno Abba, neno Maranatha, na machache mengine.

Mwaka 1947 wachungaji wa Kibedui walipata katika mapango ya Qumran, karibu na Bahari ya Chumvi, magombo ya Mayahudi wa wakati ule. Ndani yake mna watu waliojiita wana wa nuru, waliomngojea Masihi, waliokula pamoja na kutawadha kwa ibada. Zamani baadhi ya wataalamu wa Ulaya walidhani kwamba mambo mengi ya Injili ya Yohana yametoka kwa wanafalsafa wa Kiyunani. Baada ya magombo hayo ikawa vigumu kusema hivyo.

Sasa tuje kwenye swali lenyewe: ni nani walioviandika vitabu hivi?

Injili nne zinaitwa za Mathayo, Marko, Luka na Yohana. Lakini ndani ya maandishi yenyewe hakuna hata moja ambamo mwandishi ajitaja kwa jina. Luka ameanza kwa kueleza kwamba wengi wamekwisha kuandika kabla yake, na kwamba yeye amefuatia habari kwa wale walioona. Maana yake hakuwako. Mwisho wa Injili ya Yohana mna sauti ya watu wanaosema "sisi", wakishuhudia juu ya ukweli wa mtu mwingine. Katikati ya karne ya 2 Justino, aliyekuwa akiandika Roma, alizitaja kumbukumbu za mitume bila kuzigawa kwa majina hayo manne. Mtu wa kwanza tunayemjua kuyataja yote manne pamoja ni Irenayo, askofu wa nchi iitwayo leo Ufaransa, mnamo mwaka 180. Nako ni kupita karne moja na nusu tangu zama za Isa.

Kabla yake alikuwako Papia wa Hierapoli, aliyesema kwamba Marko alikuwa mkalimani wa Petro na aliandika aliyoyakumbuka pasipo mpangilio, na kwamba Mathayo alikusanya maneno kwa Kiebrania. Kitabu cha Papia kimepotea. Tumebakiwa na vipande alivyovinukuu Eusebio katika karne ya 4. Lakini Mathayo tuliye naye ni wa Kiyunani, na sehemu kubwa sana ya Marko imo ndani yake, mara nyingi neno kwa neno. Wataalamu wa Kikristo wenyewe ndio walioliuliza hili: mwanafunzi aliyekuwa pamoja na Isa angehitaji kunakili kwa mtu ambaye hakuwa pamoja naye? Wengi wao wanaona kwamba Marko ndiye wa kwanza, mnamo mwaka 70 hivi. Tuseme kwa haki kwamba wako Wakristo wengi, na Wasabato wa Suji wamo, wanaoshikilia kuwa majina yale ya kale ni sahihi. Jambo halijafungwa.

Katika barua, 13 zina jina la Paulo. Saba hakuna anayezitilia shaka yenye uzito: Warumi, Wakorintho zote mbili, Wagalatia, Wafilipi, Wathesalonike ya kwanza na Filemoni. Waefeso, Wakolosai na Wathesalonike ya pili zina mabishano, na zile kwa Timotheo na Tito wengi wanaziona kuwa ziliandikwa na watu wa baadaye kwa jina lake. Barua kwa Waebrania haina jina kabisa.

Wala asidhani mtu kwamba shaka hizi zimezuliwa na makafiri wa Ulaya wa juzi. Zilianza hapa Afrika, katika mji wa Iskanderia, nchini Misri. Origene, mwanachuoni mkubwa wa mji huo katika karne ya 3, alipoulizwa juu ya Waebrania alikiri kwamba mwandishi wake anajulikana kwa Mungu tu. Dionisio, askofu wa mji huo huo, aliilinganisha lugha ya Ufunuo na lugha ya Injili ya Yohana, akaona kwamba mkono ulioandika kimoja sio ulioandika kingine. Na orodha ya kwanza tunayoijua yenye vitabu hivi 27, bila kuzidi wala kupungua, ni ya Athanasio, askofu wa Iskanderia pia, katika barua yake ya mwaka 367.

Ndugu Waislamu, swali la "nani aliyesema, na alilisikia kwa nani?" si tusi. Wanavyuoni wetu wa Hadithi waliwauliza Waislamu wenzao swali hilo kabla hawajamwuliza mtu mwingine. Imamu Bukhari, aliyefariki mwaka 870, hakukubali habari kwa kuwa ni nzuri au kwa kuwa inamsifu Mtume (s.a.w.), alitaka mnyororo wa majina, na jina lisilojulikana liliidhoofisha habari. Mwenye kupimia mizani hiyo nyumbani kwake ana haki ya kuipeleka kwa jirani, ila aipeleke ikiwa sawasawa.

Kuhusu vitabu vya Watu wa Kitabu, wanavyuoni wetu hawakuwa na kauli moja. Ibn Hazm wa Andalusia, aliyefariki mwaka 1064, alizichambua Injili sura kwa sura na kusema maandishi yenyewe yamebadilishwa. Fakhruddin Razi, baada yake, alielekea kwamba katika mahali pengi kilichogeuzwa ni maana. Sisi twaamini kwamba Isa alipewa Injili, nayo katika Kurani yatajwa kuwa moja. Hizi nne ni habari za maisha yake zilizoandikwa na watu. Kuhusu yaliyomo humo, mafundisho ya Mtume wetu ni kwamba tusiyasadiki wala tusiyakadhibishe pasipo dalili.

Hapa inatupasa tuseme jambo ambalo halitawapendeza baadhi ya vijana wetu. Tangu miaka ya 1980 mihadhara ya kulinganisha dini imeenea Tanzania, na wako wanaopenda kuisimamisha hoja yao juu ya kitabu kiitwacho Injili ya Barnaba. Tunawasihi wakiache. Nakala yake kamili iliyopo ni ya Kiitaliano, nayo imo Vienna. Ilitafsiriwa kwa Kiingereza mwaka 1907 na kwa Kiarabu mwaka uliofuata. Ndani yake Isa anasafiri kwa jahazi mpaka Nazareti, mji ulio mbali na bahari. Inataja yubile ya miaka mia, ilhali Sheria ya Musa ni ya miaka hamsini. Ya mia ni ile aliyoitangaza Papa Bonifasi wa 8 mwaka 1300. Tena inamfanya Isa akane kwamba yeye ni Masihi, na Kurani katika Aali Imran, aya ya 45, inamwita Masihi. Tunawezaje kuwadai Wakristo mnyororo wa majina, kisha tukawaletea kitabu kama hicho?

Vitabu vya Wakristo vilipoletwa katika lugha zetu, Mwislamu alikuwako tangu mwanzo. Krapf alipofika Mombasa mwaka 1844 na kuanza kukifasiri kitabu cha Mwanzo kwa Kiswahili, aliyemsaidia alikuwa kadhi. Ajabu ni kwamba katika mwaka huo huo Tischendorf alipewa kule Sinai kurasa za msahafu wa Kiyunani wa karne ya 4, ambao kwao baadaye ilionekana kwamba aya 12 za mwisho wa Marko hazikuwamo. Upareni Chasu kilitiwa maandishini na mmisionari Ernst Kotz, ambaye sarufi yake ilichapishwa Berlin mwaka 1909, na yeye ndiye aliyelitafsiri Agano Jipya kwa Chasu.

Basi mwanafunzi wetu aliyeko Suji, akiulizwa na rafiki yake Msabato chumbani kama Waislamu wanasema kitabu chao ni uongo, amjibu kwamba sivyo. Amwambie kwamba twauliza kiliandikwa na nani, lini, na kwa lugha gani. Kisha amwulize naye ni kwa nini babu yake aliiacha Jumapili ya Walutheri akaishika Jumamosi. Rafiki huyo atamjibu kwamba wafuasi wa kwanza wa Isa walikuwa Mayahudi, nao waliishika Sabato, na kwamba pumziko la Jumapili lilipata nguvu ya sheria kwa amri ya mfalme Konstantino mwaka 321. Hapo watakuwa wamekaa juu ya mkeka mmoja wa historia, na mazungumzo yaweza kuanza kwa namna ile iliyo bora tuliyoamrishwa katika Sura ya Al-Ankabut, aya ya 46.