Mzee Anayengojewa: Upweke wa Wazee Katika Nyumba Zilizojaa Watu

Julai 2020, nyumba za ibada zilipofunguliwa tena nchini Kenya baada ya miezi ya katazo la korona, masharti yalikuwa wazi: waumini wasizidi mia moja kwa wakati mmoja, ibada isipite saa moja, na watu wa zaidi ya miaka 58, pamoja na watoto wa chini ya miaka 13, wabaki majumbani. Sababu ya kitabibu ilikuwepo na ilikuwa na uzito, kwa kuwa ugonjwa ule uliwaua wazee kuliko vijana. Ila agizo lilikuwa na gharama ambayo haikuandikwa popote. Mzee aliyekuwa na nafasi yake safu ya mbele msikitini kwa miaka mingi, au mama aliyekuwa akishika ufunguo wa kabati la vyombo vya kanisa, alijulishwa kwamba shughuli inaweza kuendelea bila yeye. Ikaendelea kweli. Masharti yalipolegezwa, walikuwepo waliokwisha kuzoea kukaa: magoti yamekaza, ufunguo umepata mshikaji mwingine, na hakuna aliyetumwa kuwaita.

Hoja ya makala haya ni kwamba kinachomdhoofisha mzee aliyekwama nyumbani ni kutongojewa na mtu yeyote, kuliko hata kukosa wageni. Kutembelewa ni jambo jema, lakini mgeni akishaaga siku inabaki tupu vilevile alivyoikuta. Anayengojewa ana sababu ya kuoga mapema, kuvaa, kumeza dawa kwa wakati na kuuliza leo ni siku gani. Misaada yetu kwa wazee, iwe ya serikali, ya mashirika au ya familia, imejengwa juu ya kupeleka: tunampelekea chakula, dawa, fedha, dua. Ni nadra kumwachia jambo ambalo litaharibika asipolifanya yeye.

Sera zetu zina mchango katika hili. Sera ya Taifa ya Wazee ya Tanzania, ya mwaka 2003, inaitambua familia kuwa chombo cha msingi cha matunzo ya mzee. Si kosa, familia ndiyo inayobeba mzigo huo kila siku. Lakini kutoka hapo wengi tumepiga hatua isiyo na ushahidi, tukaamini kwamba mzee anayeishi na watu hawezi kuwa mpweke, na kwamba upweke ni ugonjwa wa Ulaya. Katiba ya Kenya ya 2010 ilikuwa na mpangilio wa busara zaidi. Ibara ya 57 inapotaja haki za wazee inaanza na haki ya kushiriki kikamilifu katika mambo ya jamii, kisha haki ya kujiendeleza, kisha kuishi kwa heshima bila kudhulumiwa, na mwishoni ndipo inapokuja haki ya kupata matunzo ya familia na ya serikali. Utekelezaji, Kenya na kwa majirani zake, umekwenda kinyumenyume: tumeanzia mwisho wa orodha na tumesimama hapohapo.

Chukua nyumba ya kawaida ya Temeke au Kisauni. Bibi wa miaka 78 analala chumba cha nyuma, kinachotazama ua. Asubuhi wajukuu wanapita mlangoni na mabegi: “Shikamoo bibi.” Anajibu marahaba, na kabla hajamaliza wamefika barabarani. Binti yake ameondoka alfajiri kwenda gengeni. Msichana wa kazi anamletea chai na mkate juu ya kigoda, anakunja chandarua, anarudi kwenye kufua. Mchana sebuleni kuna tamthilia ya Kituruki iliyotiwa sauti za Kiswahili, na bibi hafuati kwa sababu sikio moja limekufa na jingine linapokea kelele tupu. Jioni wote wamerudi, kila mmoja na simu yake. Anaulizwa: umekula? umemeza dawa? unataka nini? Ni maswali ya upendo, siyabezi. Lakini yote yanahusu tumbo lake na vidonge vyake. Hakuna anayemuuliza mpaka wa kiwanja ulipitia wapi kabla ya ukuta wa jirani, wala mchumba wa kijana anahusianaje na watu wa Tanga, ingawa majibu anayo yeye peke yake katika nyumba nzima.

Kwamba hali hiyo inadhuru mwili hakuna tena ubishi wa maana. Mwaka 2010 mtafiti Julianne Holt-Lunstad na wenzake walikusanya matokeo ya tafiti 148, wakaonyesha kwamba wenye mafungamano imara na watu wengine walikuwa na uwezekano wa kuendelea kuishi uliozidi wa wenzao kwa asilimia 50. Ripoti ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2025 ilikadiria kwamba mtu mmoja kati ya sita duniani anasumbuliwa na upweke, na kwamba vifo zaidi ya 871,000 kila mwaka vinahusiana nao.

Njia za madhara hayo ndizo zinazostahili kutazamwa kwa karibu, maana nyingine zinazibika kwa gharama ndogo. Anza na miguu. Katika utafiti mmoja wa Marekani uliochapishwa mwaka 2007, watu wachache wenye afya njema, wa wastani wa miaka 67, walilazwa kitandani kwa siku 10. Walipoteza karibu kilo moja ya misuli ya miguuni. Mzee wa uani halazwi, ila siku zake hazitofautiani sana na kulazwa: kitanda, kigoda, choo, kitanda. Kuinuka kitini mara kumi asubuhi na mara kumi jioni, mkono ukiwa karibu na ukuta, ni dawa isiyouzwa dukani. Lakini sijaona mzee aliyedumu na zoezi hilo kwa kuambiwa tu kwamba litamsaidia. Wanaodumu ni wenye pa kwenda.

La pili familia nyingi hazilitamki, nalo ni mkojo. Mzee asiyeweza kuuzuia huacha harusi, huacha jumuiya, huacha safari ya basi, na hatasema sababu, atasema amechoka. Baadhi ya dawa za presha huongeza mkojo, kwa hiyo wapo wanaoziruka siku wanayotaka kutoka, wakachagua kati ya presha na watu. Daktari au muuguzi anayeuliza jambo hili faraghani, akapanga upya saa ya kumeza kidonge na kufundisha mazoezi ya misuli ya nyonga, anaweza kumrudisha mzee barazani. Vivyo hivyo upasuaji wa mtoto wa jicho, kifaa cha kusaidia kusikia, na chuma cha kushikia kwenye njia ya choo. Katika hesabu zetu mambo haya huandikwa chini ya macho, masikio na ujenzi. Mimi ningeyaandika chini ya upweke.

Kuhusu mawasiliano, ushahidi mzuri ulitoka katika mwaka uleule wa korona. Huko Texas, watu 240 waliokuwa wakipelekewa chakula majumbani, wengi wao wa miaka 65 na zaidi, waligawanywa katika makundi mawili. Kundi moja lilipigiwa simu kwa wiki nne na vijana wa miaka 17 hadi 23 waliopewa mafunzo mafupi tu. Siku za mwanzo walipigiwa kila siku, kisha wenyewe wakachagua wapigiwe mara ngapi kwa wiki. Mazungumzo kwa kawaida yalichukua kama dakika kumi, na kijana alitakiwa kufuata habari anayoitaka mwenye kupigiwa. Upweke wa waliopigiwa ulipungua, na dalili zao za sonona na wasiwasi pia. Jambo la kulizingatia ni kwamba hawakuwa wanasaikolojia na hawakutoa ushauri. Waliuliza, wakasikiliza, na kesho yake walikumbuka walichoambiwa jana.

Kwetu mpango kama huo hauhitaji simu janja. Simu ya kitochi inatosha, mradi iwe ya mzee mwenyewe, na hapo ndipo penye ugumu. Simu nyingi za wazee zinakaa mfukoni mwa mjukuu, ambaye pia ndiye anayejua namba ya siri. Mzee anaarifiwa kwamba mtoto aliyeko Muscat au Nairobi amepiga na amesalimu. Salamu zimefika, sauti haikufika. Fedha nazo zinapita njia hiyohiyo.

Ndiyo maana nina wasiwasi na haraka ya kuhamishia kila malipo ya wazee kwenye simu. Aprili 2016 Zanzibar ilianza kuwalipa pensheni wakazi wake wote wa miaka 70 na zaidi, bila kujali kama waliwahi kuajiriwa au kuchangia mfuko, kwa kiwango cha shilingi 20,000 kwa mwezi. Fedha zilitoka serikalini. Mwanzoni zililipwa taslimu kwenye vituo. Foleni na jua ni tabu, na asiyeweza kutembea lazima afuatwe kwake. Lakini siku ya malipo mzee huitwa kwa jina lake, hukutana na rika lake, hupata habari za waliofariki na walioumwa, na noti anazishika kwa mkono wake. Popote malipo yanapohamia kwenye simu, siku hiyo ibaki kwa namna nyingine: siku ya kupimwa presha, siku ya kikundi, chini ya mwembe uleule.

Fedha ndogo yenyewe hubadilisha nafasi ya mtu ndani ya nyumba. Shirika la Kwa Wazee, lililoanza kutoa pensheni ndogo kwa wazee wa Muleba mkoani Kagera mwaka 2003, lilikuwa likihudumia eneo ambalo UKIMWI uliwaachia mabibi kulea wajukuu. Tathmini iliyotolewa mwaka 2008 ilipewa jina la vitu vilivyonunuliwa: chumvi, sabuni na viatu vya shule. Bibi anayenunua viatu vya shule ana mtoto anayemngoja.

Mfano mwingine uko Zimbabwe. Tangu 2006, daktari wa akili Dixon Chibanda amewafundisha mabibi wa Mbare, Harare, kuwasikiliza watu wenye msongo wa mawazo wakiwa wamekaa kwenye benchi nje ya zahanati. Jaribio lililochapishwa mwaka 2016, lenye washiriki 573, lilionyesha kwamba waliohudumiwa kwa njia hiyo walikuwa na dalili chache zaidi baada ya miezi sita kuliko waliopata huduma ya kawaida iliyoboreshwa. Wengi wameusoma mradi huu kama njia ya kuziba upungufu wa madaktari. Unaweza kusomwa pia kama ajira ya heshima kwa watu ambao jamii ilikuwa imewaweka uani.

Asiyeweza kutoka naye anaweza kupewa kazi kwa simu. Upatu una kijumbe, yaani mkusanyaji wa michango, na kijumbe hahitaji magoti. Anahitaji kuaminiwa, kukumbuka zamu ya nani imefika na kumkumbusha aliyechelewa. Mama wa miaka 75 anayekusanya upatu wa wanawake kumi wa mtaani, mjukuu akimsaidia kuandika, atapigiwa simu na kila mmoja wao. Msiba ukitokea, orodha ya jamaa wa kuarifiwa iwe kwake. Mhudumu wa afya ngazi ya jamii anayepita kuangalia dawa angeongeza swali moja kwenye daftari lake: wiki hii nani anakutegemea?

Wapo watakaosema mzee amefanya kazi maisha yake yote, sasa apumzike. Mzee aliyechoka au anayeumwa ana haki ya kukataa, na mwenye kupoteza kumbukumbu apewe jambo linalolingana na uwezo wake, hata kama ni kuchambua mchele pamoja na mwingine. Pingamizi zito zaidi linamhusu mtunzaji. Kazi hizi zote huhitaji mtu wa kuziandaa, na mara nyingi huyo ni binti au mkamwana ambaye tayari anafua, anapika na anaamka usiku, naye ameacha kikundi chake na jumuiya yake kwa ajili ya mzee. Tukimwongezea majukumu bila kumpunguzia, tutakuwa na wapweke wawili katika nyumba moja. Kwa hiyo mpango wowote wa mtaa, kata au shehia unaowalenga wazee uanze kwa kumtafutia mtunzaji huyo mtu wa kumpokea zamu angalau nusu siku moja kila wiki, kwa ratiba inayojulikana, na bajeti yake iandikwe kabla ya bajeti ya semina.