Spinalonga kwa kasia

Jamani, nusu siku tu, na kiongozi wetu mbele, unaizunguka Spinalonga nzima kwa kayaki. Iko Krete, Ugiriki. Wavenisi walianza kujenga ngome yake 1579, Waturuki wakaichukua 1715. Sawa, mawe ni mazuri. Lakini mimi kilichonikaa moyoni ni wagonjwa wa ukoma waliofungiwa humo kuanzia mwanzoni mwa karne ya ishirini. Kijiji cha Plaka kiko ng'ambo pale, ukiwa majini unayaona madirisha yake! Epaminondas Remoundakis, mwanafunzi wa sheria, aliletwa 1936. Hakukaa kulia: alianzisha umoja wa wagonjwa, wakadai haki zao. Kisiwa kilifungwa 1957. Padri alibaki hadi 1962, akiwaombea waliozikwa.